Kumbukumbu Zisizo na Mrithi

Mwishoni mwa Assassin's Creed II, gemu ya mwaka 2009, Ezio Auditore anashuka chini ya Vatikani akiwa amebeba kisasi cha zaidi ya miaka 20. Baba yake na ndugu zake wawili walinyongwa hadharani mjini Florence naye akiwa kijana wa miaka 17. Tangu hapo amewaandama wauaji mji baada ya mji, hadi kumfikia mkubwa wao, Rodrigo Borgia, ambaye kwa wakati huo ameshakuwa Papa. Mlango wa siri unafunguka, na ndani anakutana na umbo la mwanamke wa nuru anayejitambulisha kwa jina la Minerva. Ezio ana maswali ya umri mzima. Minerva hana shida naye. Anampita kwa macho, anazungumza na mtu ambaye hayumo chumbani, na mwisho anamtaja mtu huyo kwa jina: Desmond. Ezio anageuka huku na huku. Hakuna mtu.

Desmond Miles yuko mwaka 2012. Ni mhudumu wa baa wa New York, mjukuu wa Ezio kwa vizazi vingi, amelala kwenye mashine iitwayo Animus inayosoma kumbukumbu za mababu zilizobaki kwenye vinasaba vyake. Na nyuma ya Desmond tupo sisi, tumeshika padi. Kwa dakika zile chache tunatambua kwamba maisha yote ya Ezio, mapenzi yake na misiba yake, yalikuwa bahasha ya barua aliyoandikiwa mtu mwingine. Gemu chache zimethubutu kumfanyia shujaa wao hivyo, na chache zaidi zimemfanya mchezaji amhurumie shujaa huyo huku akijua kwamba yeye ndiye aliyefaidika.

Baada ya hapo mfululizo huo umetoa gemu kubwa nyingine 12. Wachezaji wa zamani wakikutana kuuzungumzia, maneno huishia kwenye lawama moja: hadithi iliharibika. Wengine wanataja siku aliyokufa Desmond, wengine wanawalaumu waandishi kwa kuburuta mambo, na wengine wanasema wale viumbe wa kale, Minerva na wenzake, wenye majina ya miungu walikuwa upuuzi tangu mwanzo. Nadhani lawama hizo zinapiga pembeni. Hadithi za ndani, zile za mababu, hazikushuka sana. Edward Kenway wa Karibea na Bayek wa Siwa wanaweza kusimama bega kwa bega na Ezio. Kilichoshuka ni hadithi mama, ile inayotuambia kwa nini tunayatazama maisha ya watu hawa waliokufa. Nayo haikuangushwa na uandishi mbovu peke yake. Iliangushwa kwa kuondolewa mrithi, hatua kwa hatua, mpaka kumbukumbu zikabaki bila mtu mwenye haki nazo.

Gemu ya kwanza ilitoka Novemba 2007. Studio ya Ubisoft mjini Montreal iliianza kama tawi la Prince of Persia. Mbunifu mkuu, Patrice Désilets, na wenzake walivutwa na Alamut, riwaya ya Mslovenia Vladimir Bartol ya mwaka 1938, na mradi ukageuka kuwa hadithi ya Altaïr, muuaji wa siri katika Nchi Takatifu ya mwaka 1191, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba. Wangeweza kuishia hapo. Damascus, Acre na Jerusalem, mapaa ya kuruka, farasi na upanga vilitosha kuuza gemu. Badala yake, juu ya hayo yote waliweka chumba cheupe cha maabara ya kampuni iitwayo Abstergo, ambamo kijana aliyetekwa analazimishwa kukumbuka mambo ambayo si yeye aliyeyatenda.

Uamuzi huo haukuwa pambo. Uliingia hadi kwenye kanuni za mchezo. Katika gemu nyingi mchezaji ana uhai unaopungua akipigwa, wala hakuna anayeuliza uhai huo ni kitu gani. Hapa kilichopungua kilikuwa ulinganifu. Kadiri ulivyotenda asivyotenda Altaïr, ndivyo mashine ilivyoshindwa kukushikamanisha na kumbukumbu yake. Ukiua raia wasio na hatia, picha inakatika, kwa sababu Altaïr hakuwaua raia. Ukifika ukingoni mwa ramani, ukuta unaokuzuia una maelezo yake: ni kumbukumbu ambayo Desmond hajaifikia. Hata kufa hakukuwa kufa, ilikuwa ni kukosea kusimulia. Bila mahubiri yoyote, mchezaji alifundishwa kwamba yaliyopita yana sura yake, hayakumngoja yeye aje ayapambe, na kazi yake ni kuyafuata kwa uaminifu.

Kukumbuka kulikuwa na gharama pia. Mfungwa aliyemtangulia Desmond kwenye mashine ile, wa 16 katika orodha ya Abstergo, alishindwa kutenganisha nafsi yake na za mababu zake mpaka akajiua, akaacha kuta zimejaa michoro ya damu yake. Gemu ya kwanza inaisha Desmond akiwa amesimama katikati ya michoro hiyo, akiiona kwa jicho alilorithi kwa Altaïr, jicho ambalo siku chache nyuma hakuwa nalo. Haelezwi maana yake. Tunaachwa naye hapo hapo. Kwa hiyo tangu mwanzo mrithi hakuwa mtalii kwenye maisha ya babu. Alikuwa anajifunza kutoka kwake, anaumia kwa ajili yake, na anadaiwa kwa niaba yake, maana vita vya Waasasini, watu wa Altaïr, na maadui wao Watempla vilikuwa bado havijaisha, na Abstergo waliomfunga walikuwa upande wa Watempla.

Namna hii ya kusimulia si ngeni kwetu. Alfu Lela u Lela, iliyosomwa kwa Kiswahili na vizazi kadhaa, ina mamia ya visa, lakini vyote vimening'inia kwenye shingo ya mwanamke mmoja. Msomaji anaweza kumsahau Shahrazad kwa kurasa nyingi, akapotelea baharini pamoja na Sindbadi, ila hawezi kusahau kabisa kwamba kisa kikimchosha mfalme, kuna mtu atachinjwa. Hatari ya nje ndiyo inayovipa visa vya ndani uzito wake. Iondoe hatari hiyo, na visa vitabaki vilevile neno kwa neno, lakini havitakuwa tena hadithi moja. Vitakuwa mkusanyiko.

Désilets alikusudia hadithi ya sehemu tatu. Mababu wangemfunza Desmond, na mwishowe Desmond angerudi kwenye zama zake apigane mwenyewe. Mtafiti Lars de Wildt, aliyezungumza na watu wa timu ya mwanzo, ameeleza kwamba mwisho uliofikiriwa ulimpeleka Desmond pamoja na Lucy Stillman, mwanasayansi aliyemsaidia kutoroka Abstergo, ndani ya chombo cha anga, wakaanze ulimwengu upya kama Adamu na Hawa. Ni mwisho wa ajabu, pengine wa kuchekesha. Lakini ulikuwa mwisho. Hadithi ilijua inakwenda wapi, tena ilikuwa na tarehe ya kufika: Desemba 2012, wakati ambapo jua lingeichoma dunia.

Kisha Assassin's Creed II ikapendwa mno, na hesabu zikabadilika. Brotherhood ikatoka 2010 na Revelations 2011, zote bado za Ezio. Toka hapo hadi 2015 hakuna mwaka uliopita bila gemu kubwa, na Novemba 2014 zilitoka mbili kwa siku moja. Désilets aliondoka Ubisoft mwaka 2010, kabla Brotherhood haijafika madukani. Hapa ndipo biashara ilipogongana na usimulizi. Hadithi za mababu zinaweza kurefushwa bila kikomo, kwa kuwa historia ina miji na vita visivyokwisha. Hadithi ya mrithi haiwezi. Ina mtu mmoja, mwaka mmoja na tarehe moja. Anayetaka gemu kila mwaka lazima amzuie mrithi asifike. Revelations ilimzuia waziwazi: Desmond amepoteza fahamu, na muda wote wa gemu anangoja kwenye kisiwa cha kufikirika ndani ya mashine.

Hata hivyo Revelations ina tendo moja la heshima. Ezio, sasa mzee mwenye ndevu za mvi, anaifikia maktaba ya Altaïr iliyofichwa chini ya ngome ya Masyaf. Haikuti hazina aliyoidhania. Anakuta mifupa ya Altaïr imekaa kwenye kiti. Anaweka silaha zake chini, kisha anaanza kuzungumza na Desmond. Anamwambia kwamba alilisikia jina lake mara moja, zamani, na kwamba amekubali kuwa njia ya ujumbe asioujua. Babu, babu wa kabla yake na mjukuu wamo katika chumba kimoja, kila mmoja akiwa upande wake wa mauti. Ni mara ya mwisho kwa babu yeyote wa mfululizo huu kumtambua anayemkumbuka kwa namna ile.

Wakati huohuo hadithi mama ilikuwa imeanza kutendewa vingine. Brotherhood inaisha kwa Juno, mmoja wa wale wa kale, kuuteka mwili wa Desmond na kumlazimisha amchome Lucy kisu. Kwa nini Lucy? Kwa mchezaji aliyemfuata tangu 2007, swali hilo lilizidi kisasi chochote cha Ezio. Jibu lilikuwa kwamba Lucy alikuwa ameshawageuka wenzake na kuwatumikia Watempla. Lilisimuliwa mwaka 2012 katika The Lost Archive, kipande cha nyongeza cha Revelations kilichouzwa kando. Aliyelipa alijua, na asiyelipa alibaki kuokota fununu kwenye mazungumzo ya gemu iliyofuata. Kwa wachezaji wengi wa Afrika Mashariki, waliozipata gemu hizi kwa diski za mkono wa pili na nakala za kuazimana, kipande cha kununuliwa mtandaoni kwa kadi ya benki kilikuwa sawa na kitu kisichowahi kutengenezwa. Hadithi ikishawekwa kando na mwenyewe, msikilizaji naye huiweka kando.

Assassin's Creed III ilitoka Oktoba 2012. Ndani yake mna hadithi ndefu ya Ratonhnhaké:ton, kijana wa Kimohawk katikati ya Mapinduzi ya Marekani, nayo inajua kuuma: uhuru anaousaidia kuzaliwa hauwahusu watu wake. Desmond yeye anapewa dakika chache za mwisho. Minerva anamwonyesha njia mbili. Akikataa kuigusa mashine ya wale wa kale, dunia itaungua, yeye atawaongoza manusura, atakufa mzee mwenye heshima zake, na baada ya kufa maneno yake yatageuzwa dini ambayo watu watauana kwayo. Akiigusa, dunia itapona, yeye atakufa, na Juno atatoka kifungoni. Desmond anaigusa. Anakufa akiwa na miaka 25.

Siwalaumu waandishi kwa kumuua. Kifo kinaweza kuwa mwisho mwema kuliko chombo cha anga. Ila walimfuta mdaiwa na kulibakisha deni. Juno yuko huru kwa gharama ya uhai wa mtu, na hakuna aliye hai katika hadithi ambaye jambo hilo ni lake kwa namna lilivyokuwa la Desmond. Halafu ile njia aliyoikataa, ya mtu ambaye jina lake linaendelea kutumiwa na wengine kwa shughuli zao baada ya yeye kuondoka, ndiyo iliyoupata mfululizo wenyewe.

Gemu pekee iliyolitazama jambo hilo usoni ni Black Flag ya mwaka 2013. Humo wewe ni mfanyakazi mpya asiye na jina wa Abstergo Entertainment mjini Montreal, ofisi ya vioo ambamo kumbukumbu za maharamia wa Karibea zinachujwa ili zitengenezewe bidhaa za burudani. Edward Kenway si babu yako. Ni babu wa Desmond, na kumbukumbu zake zimetolewa kwenye mwili wa Desmond uliochukuliwa na kupasuliwa. Ukidukua kompyuta za wenzako unakuta rekodi za upasuaji huo, na unakuta tathmini za soko zinazowapima mababu, nani atauzika na nani hatauzika. Ni Ubisoft Montreal inayojicheka yenyewe, na kicheko kile kilikuwa na ukweli ndani yake. Kumbukumbu ilikuwa imeacha kuwa mali ya ukoo, ikawa mali ya kampuni.

Kejeli hutumika mara moja. Baada yake ama urekebishe ulichokicheka, ama ukizoee. Mfululizo ulizoea. Katika Unity ya 2014, zama zetu ni sauti inayokatiza picha mara chache. Katika Syndicate ya 2015 ni vipande vya filamu: Shaun na Rebecca, marafiki wa Desmond waliobaki, wanahangaika London huku sisi tukitazama bila kugusa kitu. Na Juno, adui aliyeahidiwa gemu baada ya gemu? Aliuawa mwaka 2018 katika Uprising, katuni zilizochapishwa na Titan Comics. Wengi waliomwona akitoka kifungoni hawakumwona akifa.

Mwaka 2017 Origins ilileta sura mpya, Layla Hassan, mtaalamu wa Abstergo mwenye asili ya Misri. Layla ana Animus ya kubeba aliyoiboresha mwenyewe, na ubora wake mkubwa ni kwamba haihitaji undugu. Anaikuta maiti ya Bayek pangoni, anachukua chembe zake, analala kando yake, anayaishi maisha yake. Kwa fundi ni hatua mbele. Kwa msimulizi ni hasara isiyolipika, maana kama kumbukumbu ya yeyote ni ya yeyote, hakuna tena anayeulizwa: wewe ni nani kwake?

Odyssey ya 2018 ilikwenda mbali zaidi. Mchezaji anachagua kama shujaa wa Ugiriki ya karne ya tano kabla ya Kristo atakuwa Kassandra au Alexios, anachagua majibu, anachagua wa kumpenda na wa kumuua. Kama burudani inanoga, na Kassandra ni mmoja wa wahusika wazuri kuliko wote wa mfululizo. Kama kumbukumbu haiwezekani. Kanuni ya 2007, kwamba ukitenda asivyotenda babu picha inakatika, ilitupwa bila mazishi. Alama za Animus zilibaki kwenye skrini, ila sababu zake zilikuwa zimekwisha.

Ndipo likatokea tukio dogo lenye funzo. Januari 2019, sehemu ya pili ya nyongeza iitwayo Legacy of the First Blade ilimwingiza shujaa huyo katika mahusiano yaliyozaa mtoto, hata kwa wachezaji waliokuwa wamemchagulia mapenzi na maisha tofauti kabisa na hayo. Sababu ilikuwa nasaba, kwa kuwa kizazi kile kilitakiwa kishuke hadi kwa Aya, mke wa Bayek. Wachezaji walikasirika, na Ubisoft ikaomba radhi na kurekebisha sehemu ile. Walikuwa na haki, maana waliahidiwa uchaguzi. Lakini tazama kilichotokea. Ukoo, uliokuwa moyo wa mfululizo, ulirudi nyumbani kwake ukapokewa kama mvamizi.

Valhalla ya 2020 ilijaribu kufunga mahesabu. Layla anakufa kimwili, fahamu zake zikiwa ndani ya mashine ya wale wa kale. Humo anaikuta fahamu nyingine isiyotajwa jina, kwa dalili zote ya Desmond, ambayo imekaa miaka yote hiyo ikitafuta njia za kuiokoa dunia. Basim, mtu wa karne ya tisa, anatoka katika mashine hiyo akiwa hai katika zama zetu. Ni mlango mkubwa uliofunguliwa. Mirage ya 2023 ikamrudia Basim huyohuyo, lakini ujanani kwake, katika Baghdad ya makhalifa. Basim wa leo hakufuatwa.

Mpenzi wa gemu hizi ana haki ya kunikatiza hapa. Wengi hawakumpenda Desmond. Walikuwa juu ya paa la Venice, usiku wa karnivali, mara wanavutwa warudi kwenye ghala lenye vijana wanne na kompyuta zao. Walitaka waachiwe Ezio wao. Soko nalo liliwaunga mkono: Valhalla, ambayo Desmond wake ni kivuli tu, ilipita mapato ya dola bilioni 1. Tena kuwepo kwa zama zetu peke yake si dawa. Filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Justin Kurzel ilikaa maabara muda mrefu kuliko ilivyokaa Hispania ya mwaka 1492, na wakosoaji wengi waliichoka.

Nayakubali hayo yote. Kukatizwa kulikera. Ila kukereka kule kulikuwa na kazi yake. Kulimkumbusha mchezaji kwamba anayemfurahia amekwisha kufa, na kwamba kuna aliye hai anayeilipia furaha ile kwa akili yake mwenyewe. Bila kukatizwa, Venice inakuwa matembezi. Matembezi yanapendeza, na watu hulipa fedha nyingi kwa ajili yake, lakini hayamdai mtu chochote akisharudi kwake. Nisemapo kwamba hadithi mama ilishuka, sisemi kwamba gemu zilikosa raha. Nasema zilikosa mtu ambaye raha ile ingemgharimu.

Wala swali la nani mwenye haki na kumbukumbu si la gemu peke yake. Waasasini wa Altaïr wamechongwa kutoka kwa Waismailia wa Kinizari wa Syria ya karne ya 12, waliokuwa chini ya Rashid al-Din Sinan na wakaishikilia Masyaf hiyohiyo. Wasafiri na watunzi wa Ulaya waliwazulia hekaya za bangi na bustani za siri, hekaya ambazo mwanahistoria Farhad Daftary alizichambua na kuzikanusha katika kitabu chake cha mwaka 1994. Jamii hiyo haikutoweka. Waumini wa njia hiyohiyo wanaingia jamatkhana Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, na imamu wao, Aga Khan, wanamhesabu kwa nasaba inayorudi hadi kwa Ali. Taasisi ya Aga Khan ndiyo iliyoikarabati ngome ya Masyaf mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gemu iliwavua Waasasini wake imani hiyo, ikamfanya mrithi wao kuwa Mmarekani wa baa. Ni jambo la kubishiwa, na linabishika kwa sababu yupo mtu wa kubishana naye. Desmond anaweza kuulizwa amelipata wapi dai lake. Mashine isiyohitaji undugu haiulizwi.

Machi 2025 mfululizo ulifika Japani ya karne ya 16 kwa Shadows. Mmoja wa mashujaa wake wawili ni Yasuke, Mwafrika aliyewasili huko mwaka 1579 pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano, akaingia katika utumishi wa Oda Nobunaga mwaka 1581. Mwandishi wa Kijesuiti wa karne ya 17, François Solier, aliandika kwamba alitoka Msumbiji. Nobunaga alikufa Juni 1582. Maandishi yanamwacha Yasuke akirudishwa mikononi mwa Wajesuiti, kisha yananyamaza. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa. Hakuna kaburi linaloonyeshwa, wala ukoo unaojulikana unaosema huyu ni wetu.

Hakuna mtu wa historia ambaye Animus ya mwaka 2007 ingemfaa kuliko huyu. Mashine ile ilibuniwa kusoma kilichobaki kwenye damu pale karatasi zinapokwisha. Hadithi mama ya zamani ingemtafutia mtu wa leo, kwenye pwani ya Msumbiji au kando ya bandari ya Nagasaki, ingempa sababu ya kutaka kujua, na ingemtoza gharama ya kujua. Badala yake Shadows inafunguliwa kwa orodha ya kuchagua gemu. Ndani ya orodha hiyo zama zetu zimebaki vijipande vya sauti na maandishi vya kufunguliwa kadiri mtu anavyocheza, naye akivipita hakosi kitu.

Wadai wa Yasuke walijitokeza, ila nje ya gemu. Tangu ilipotangazwa Mei 2024 watu walibishana kwa ukali kama alikuwa samurai kweli, kama anastahili kuwa shujaa wa hadithi ya Kijapani, na nani ana haki ya kumsimulia. Mengine yalikuwa ubaguzi mtupu, mengine maswali halali ya wanahistoria, na Julai mwaka huo Ubisoft ililazimika kutoa maelezo rasmi kwa Wajapani. Kila swali lililozuka humo lilikuwa swali la hadithi mama: huyu ni wa nani, na ninyi ni nani kwake? Mfululizo uliobuniwa kuliuliza swali hilo ulikuwa umekwisha kujinyima mtu wa kuliuliza.

Ndiyo maana siamini kwamba hadithi ndefu hushuka kwa sababu ya urefu wake. Hushuka pale inapogundulika kwamba visa vinauzika bila mwenyewe, na mwenyewe anaonekana mzigo. Waundaji wakitaka kuinyanyua tena, hawahitaji miungu zaidi wala jua jingine la kuichoma dunia. Wanahitaji mtu mmoja aliye hai, mwenye kitu cha kupoteza, ambaye yaliyopita yanamhusu kwa damu au kwa deni. Na mtu huyo wakishampata, wamruhusu afike mwisho wake, hata kama mwisho huo utaondoka na gemu ya mwaka unaofuata.